Siku Shangazi Alipokuja Kumwona Baba

Harufu ya dawa ya viatu hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, kule mwisho wa reli, miaka ya themanini. Asubuhi ile mama alikuwa aking'arisha viatu vya baba, ambaye hakuwa ametembea tangu majani yaanze kupukutika. Baba alikuwa mwana wa mfalme. Ufalme wenyewe ulishafutwa huko Uganda, na yeye alikuwa akisafisha ofisi za Kista, upande wa pili wa jiji, mpaka saratani ilipomlaza, lakini dada yake na wadogo zake wawili walikuwa wamepanda ndege kuja kumwona, na katika ukoo wao mtoto wa mfalme haonwi akiwa amelala. Wala haambiwi pole. Ugonjwa hautajwi mbele yake, sembuse kifo. Ni mtoto tu anayeweza kuropoka akasamehewa, ndiyo maana baba aliniita kwenye kiti tulichokuwa tumekizungushia mito.

"Wakija, mwambie shangazi yako nataka kuzikwa nyumbani," aliniambia. "Mimi siwezi, na mama yako hawezi."

Nilikuwa na miaka tisa, mjuaji kupindukia, nikamjibu kwa Kiswidi kwamba hilo ni jambo dogo.

Shangazi aliingia na koti lililolowa theluji, mrefu, mkavu wa uso, wadogo zake wawili wakimfuata. Mama, Mtanzania asiye na hata tone la damu ya kifalme, alipiga magoti. Wakaongea kutwa nzima kuhusu ng'ombe, mvua na arusi za watu nisiowajua, baba akicheka huku jasho likimtiririka chini ya tai. Mara tatu alinitazama. Mara tatu niliutazama uso wa shangazi, na ulimi ukagoma. Saa tisa alasiri, kama kawaida ya majira ya baridi kule, giza likaingia, wakaaga. Tulimzika baba Stockholm kabla theluji haijayeyuka, nami nikajichukia kwa miaka mingi.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya shangazi kuumwa, nikaenda Uganda kumwona. Siku hizi wajukuu zake hupiga naye picha kitandani, na kila anayeingia humwuliza waziwazi daktari kasema nini. Tulipobaki peke yetu nilimweleza nililotumwa na baba. Akaniomba nirudie, nikarudia.

"Siku ile nilikuwa nakutazama wewe, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nangoja useme."