Magadi aliyaleta yeye, lawama za uso wangu nabeba mimi

Admin, usiweke jina langu wala la lodge ninayofanyia kazi, Karatu ni ndogo na watu wanajuana. Nina miaka ishirini na saba, kwetu ni Endabash, nafanya kazi mapokezi. Nina mchumba na harusi imekaribia, lakini nikiwaambia nina furaha nitakuwa nawadanganya.

Tangu nikiwa kidato cha pili nina vitundu vikubwa vya ngozi puani na mashavuni. Kila mtu anavyo, ila vyangu ukikaa karibu unaviona bila kutafuta. Kiangazi kikifika vumbi letu jekundu linachanganyika na mafuta ya uso, jioni pua imejaa vidoti vyeusi. Kusema ukweli sikuvijali. Wageni huniuliza habari za chumba, hawajawahi kuniuliza habari za pua.

Aliyenifundisha kuvichukia ni mchumba wangu. Nimwite G. Ni dereva wa watalii, mcheshi, kila mtu anampenda. Siku moja tuko na madereva wenzake tunakula nyama choma, akanishika kidevu akawageuzia uso wangu. "Oneni hii pua, wazee. Hivi vitundu ukipanda ngano inaota." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Na mimi nikacheka. Kicheko changu hicho nakijutia mpaka leo.

Baada ya hapo haikupita wiki bila neno. "Jitahidi basi, kamera za siku hizi zinaona kila kitu." Kisha akarudi na wageni kutoka Ziwa Eyasi, akaniletea bonge la magadi limefungwa kwenye gazeti. Magadi haya haya tunayoweka kwenye makande yaive haraka. Alikuwa na maelekezo kamili: najifukiza kwa maji ya moto vitundu vifunguke, napaka magadi yaliyopondwa yavute uchafu, halafu napitisha limao vijifunge. "Yanalainisha mahindi makavu, mama, yashindwe na pua?" Mimi niliyesoma baiolojia hadi kidato cha nne nikaona kaongea cha maana. Ujinga huo ni wangu, simsukumii mtu.

Siku ya kwanza yaliwasha. Nikampigia, akasema hiyo ndiyo dalili yanafanya kazi. Siku ya tatu uso ukavimba ukatoa maji, kesho yake ngozi ikaanza kubanduka. Yamebaki mabaka, mengine mekundu mengine meusi, kutoka puani hadi karibu na masikio. Kazini wamenitoa mapokezi, sasa nakunja mashuka stoo mpaka nitakapopona.

Daktari aliyeniona ni mama mtu mzima. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Mwanangu, vitundu vya ngozi havina mlango. Mvuke hauvifungui, limao haliwezi kuvifunga. Ni njia za mafuta na jasho, bila hizo ngozi ingekauka. Nani kwenu ana pua kama yako?" Nikamwambia baba, ambaye ni marehemu. "Basi umerithi. Huwezi kuviondoa, unaweza kuvitunza visionekane sana." Akanipa dawa ya kuungua. Akasema nikipona ninawe uso asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, nisisugue wala kukamua, nipake losheni nyepesi niachane na mafuta mazito ya mgando, na juani nivae kofia au nipake losheni ya kuzuia jua, maana jua linalegeza ngozi na vitundu vinazidi kutanuka. Vitu vya kawaida kabisa. Nilitoka pale nalia, nikimuwaza baba, ambaye pua yake haikuwahi kumkera mtu.

Wiki iliyopita G alikuja nyumbani kwetu na mama yake na mashangazi wawili kwa kikao cha harusi. Nilipoleta chai, mama yake alinikagua mabaka moja moja. Akasema mbele ya mama yangu, "Binti, sisi hatumkatai mtu kwa sura. Lakini kujichubua? Kwenye ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuikataa rangi yake."

Mama yangu akainamisha kichwa. Nikamtazama G, nikasubiri aseme. Alikoroga chai muda mrefu, sukari ilishayeyuka zamani. Halafu akasema, "Mama, tumsamehe tu. Wasichana wa siku hizi mnawajua." Mashangazi wakaguna. Kabla sijafungua mdomo jamani, mama yangu alishanishika mkono ananipeleka jikoni.

Jioni akanitumia ujumbe. "Mama ana presha, akijua magadi ni yangu itakuwa balaa. Omba radhi yaishe, wewe ni mwanamke watakuelewa." Mama mkwe naye ameweka sharti, niende kwao nikaombe radhi mbele ya mashangazi kabla ya harusi. Mama yangu nimemweleza kila kitu. Anasema niende tu, uso utapona na wanaume wazuri ni wachache.

Mungu anajua magadi ningemsamehe. Hakujua, na mimi sikujua. Lakini neno "tumsamehe" alilitoa akiwa na akili zake timamu, mama yangu akiwa amekaa pale anaaibika. Ninajiuliza, mtoto wetu akiungua siku moja kwa uzembe wa G, huyo baba atasema aliunguzwa na nani?

Kanisani tumeshatangazwa mara mbili. Jumapili hii ni ya tatu, ya mwisho. Mchungaji atasoma majina yetu, kisha atauliza kama kuna mwenye pingamizi asimame. Naombeni ushauri wenu, hasa mliokaa kwenye ndoa miaka mingi, nifanye nini? Na anayejua taratibu za kanisa anijibu hili: bibi harusi mwenyewe anaruhusiwa kusimama?