Ala ya Bastola Aliyoishona Leota

Leota Prather alishona matandiko ya farasi huko Wyoming tangu alipoolewa, na kazi hiyo haikuwahi kumtia hofu. Hofu ilianza mwaka 1959, vijana walipoingiwa na wazimu wa kushindana nani atachomoa bastola na kupiga shabaha haraka zaidi, tena kwa risasi za kweli. Kila mmoja alitaka ala kama ya kwenye sinema: inaning'inia pajani, imefungwa kamba mguuni, kifyatulio kiko nje. Eti ndivyo walivyovaa mababu.

Mababu gani hao? Baba yake Leota alichunga ng'ombe enzi zenyewe, na ala yake bado ilikuwa imetundikwa karakanani. Ilikuwa ya kuvaliwa juu kiunoni, ndefu, imeimeza bastola mpaka kwenye mpini. Mtu wa farasi aliogopa kuangusha bastola, wala hakuwa na haraka ya kuichomoa.

Mwezi uliopita Clell, jirani yao, alifyatua bastola kabla haijatoka pajani. Leota ndiye aliyemfunga mguu kwa mkanda aliokuwa akiushona, na damu ikamrukia mpaka viwikoni. Sasa Clell anatembelea magongo, na Leota hapati usingizi, maana mwanawe Verlin naye amejiandikisha kushindana. Verlin alipomwomba ala ya pajani, Leota alimshonea nyingine kama ya babu yake, mshono kwa mshono.

"Mama, nikivaa hii watanicheka."

"Na wacheke. Anayechekwa anatembea."

Jumamosi Leota alisimama kwenye uzio wa uwanja. Verlin alikuja na koti refu, na mama hakuweza kujua amevaa ipi. Taa ya kuanzia ilipowaka, akafumba macho. Mlio mmoja ukasikika, kisha wa pili umechelewa, halafu kicheko cha umati.

Alipofumbua, mwanawe alikuwa amesimama wima, ameshindwa vibaya, na ala ya babu iko kiunoni. Leota alilia kwa furaha bila kuona haya.

Verlin akaja, akaivua, akamwekea mikononi.

"Leo nimekuvalia wewe, Mama. Mara ijayo navaa ya Clell, kanipa, yeye haihitaji tena." Akasita kidogo. "Ina tundu la risasi. Utanizibia?"

Leota aliitazama miguu ya mwanawe.