Ba Ticha Alipohamishwa

Katika darasa letu pale Kashikishi, hakuna aliyesoma somo la mwenzake. Ba Ticha, kama tulivyomwita, alifundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa Mbemba na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Wanafunzi wake wakishaondoka alitupokea sisi watu wazima tuliovuka ziwa kutoka Kongo.

Kabla ya kukufundisha alikuja kwanza kukutazama ukiwa kazini. Kwangu alikalia kreti tupu nikifungua injini ya mtumbwi, akauliza kila kifaa kinafanya nini. Somo langu la kwanza likawa injini hiyo. Mama mmoja muuza chisense, wale dagaa wetu, alifundishwa kusifu samaki na kumkatalia mnunuzi bila kumuudhi. Katekista wetu alifundishwa kusoma Maandiko kwa sauti.

Nilikuwa nimejisomea kwa miaka na kamusi iliyochanika, kila mara nikirudi herufi ya kwanza. Ba Ticha ndiye aliyeniuliza nataka kumwambia nani, na nini. Nilitaka kuagiza vipuri Lusaka kwa simu, bila mkalimani. Kabla ya mvua niliviagiza mwenyewe, na vilivyokuja ndivyo nilivyotaja.

Kisha akahamishiwa wilaya nyingine. Alipotuaga alisema, "Sasa mufundishane." Tukaitikia wote.

Mkutano wa kwanza bila yeye, katekista aliuliza namna ya kumpa mtu pole kwa Kiingereza. Mama hakujua. Mimi nilijua kusema kwamba mafuta hayafiki kwenye kabureta.

"Basi papa, umuambie mwenye kilio plagi yake imeungua," mama akaniambia, na tukacheka sana.

Tuliendelea kukutana kwa muda, kila mmoja akirudia maneno yake. Hakuna aliyekwenda kukaa kwenye kazi ya mwenzake na kuuliza, kama alivyofanya Ba Ticha. Tulidhani ule ulikuwa ukarimu wake, kumbe ndiyo ilikuwa njia yenyewe. Watu wakapungua, darasa likafa.

Mwaka jana mama yule alifiwa na binti yake. Mnunuzi wake wa siku nyingi, mtu wa Lusaka asiyejua Kiswahili wala Kibemba, alikuja kwenye kilio. Alikaa mkekani, akamuuliza mama kwa Kiingereza, kwa upole, binti alikuwa mtu wa namna gani. Swali nililielewa. Mama pia alilielewa, maana alifungua mdomo, kisha akanitazama. Nikatafuta katika kila nilichosoma. Nilikuwa na maneno ya vitu vinavyoharibika na namna ya kuvitengeneza. Mgeni alisubiri, akatushika mikono, akaenda zake.

Mama alimtazama mpaka akatoweka machoni.

"Huku Ba Ticha hakutufikishaka, papa," akasema.

Kisha akaanza kunisimulia binti yake, kwa Kiswahili, kila alichotaka mgeni yule akisikie.