Dirisha la Bi Mwanaidi

Siku ya lile dungu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nakuandikia wewe unayechora nyumba za watu, kwa sababu juzi ulipotandaza ramani yako mezani kwetu niliisikia tena sauti ya bibi yangu.

Tulikuwa bondeni, kule Utete, mpunga umeanza kukomaa. Dungu, kama kwenu mjini halipo, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani. Mtu anakaa humo kuwinga ndege na kufukuza nguruwe pori. Bibi mgongo ulishapinda, lakini shamba lake hakumwachia mtu. Mjomba Salumu akasema safari hii tumjengee mama dungu la heshima. Mimi nikakata matete, yeye akayafuma ukuta mrefu, mzito, upepo usimguse mama yake. Mjomba alikuwa mtu wa kuzidisha, hata chai yake ilikuwa sukari tupu, Mungu amrehemu. Ngazi tukailaza apande bila taabu. Dungu lilipendeza, siwezi kusema uongo.

Bibi akapanda, akaketi mkekani. Tukangoja sifa.

"Salumu."

"Labeka, mama."

"Mpunga wangu uko wapi?"

"Si huo hapo mbele yako."

"Mbele yangu pana matete. Mmenileta niulinde mpunga, au mmenificha usinione?"

Mjomba akacheka, akamwambia asimame kidogo ataona.

"Nisimame mchana kutwa, mimi huyu?"

Akaniita nipande, niketi palepale alipoketi yeye. Nikaona matete na kipande cha mbingu, ndege nawasikia tu wanavyokula. "Haya, mwambie mjomba wako unaona nini." Nikasema, matete. Mjomba akachukua panga, akaukata ukuta usawa wa macho ya mtu aliyeketi, akauacha upande wa upepo peke yake. Bibi alikaa humo mpaka mavuno, na matusi aliyowatukana nguruwe siwezi kuyaandika hapa.

Sasa nyumba yetu hii ya kutunzia wazee, huku karibu na Nyamisati. Umeletwa uongeze vyumba maana tumejaa, na wenzetu wengine wanangoja nafasi huko visiwani kwenye delta, peke yao. Nyuma ya uwanja kuna mikoko ya hifadhi, na bwana misitu amekwambia hata nguzo moja isivuke bikoni, lile jiwe la mpaka. Ana haki. Ujanani nimekata boriti humo, najua maji yanavyoula ukingo pakibaki visiki vitupu, kwa hiyo usimbembeleze. Lakini wewe, kwa kuwa huko hakujengeki, ukavipanga vyumba vyote vitazame barabara, mikoko ukaipa ukuta na vyoo.

Bi Mwanaidi, aliyekulia visiwani na atakayehamia chumba kipya, hakusema neno mbele yako, kwa adabu. Ulipoondoka tu akaanza kufunga kanga zake. "Mimi siwezi kufa natazama mabasi ya Kibiti," akasema. "Narudi kwangu." Na huko kwake hakuna hata wa kumchotea maji. Nikamwambia asubiri, mchoraji wetu ana akili.

Na unazo. Uliporudi jana nikakuomba ulale kitandani kwa Bi Mwanaidi. Ukacheka, "Babu, na viatu vyangu hivi?" Ukavua, ukalala. Nikakuuliza unaona nini. "Dari," ukasema. Ukaketi, ukatoa penseli palepale. Jengo ukaligeuza, vyumba vikafuatana kama ngazi, kila kimoja kikapata pembe yake ya kuitazama mikoko. Madirisha ukayashusha mpaka usawa wa kitanda, vyoo ukavipeleka upande wa barabara. Bikoni hukuigusa. Hilo la kugeuza jengo mimi nisingeliwaza maisha.

"Maji yakijaa nitayaona?" akakuuliza Bi Mwanaidi.

"Utayaona, bibi, hapohapo umelala."

Akafungua furushi, akatoa kanga moja, akajifunika. Zilizobaki bado zimefungwa. Anasema zinangoja dirisha lenyewe.

Basi nasaha yangu ni hiyo, mwanangu. Kabla hujamjengea mtu ukuta, keti pale atakapoketi, lala pale atakapolala, umuulize macho yake yanataka kwenda wapi. Mpaka uliowekewa uuheshimu, ila usiufanye sababu ya kuacha kufikiri. Na mzee akinyamaza mbele yako usidhani ameridhika, huenda anangoja uondoke afunge mizigo. Kumpenda mtu ukamzibia, Mjomba Salumu aliliweza hilo, na alikuwa mtu mwema kabisa.

Mungu akupe mkono mwepesi na umri mrefu, akupe na uzee wenye dirisha, na siku hiyo akuletee kijana wa kuvua viatu alale kwanza kitandani kwako. Amina.