Barua ya kodi kuhusu bima yangu ya afya ilivyonikosesha usingizi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka chini.

Naishi Lanham, Maryland, huku Marekani. Nina kampuni ya usafi ya mtu mmoja, yaani mimi, vacuum na gari. Mke wangu ni nesi kwenye nyumba ya wazee kule Columbia.

Alipoajiriwa alipewa fomu ya bima ya familia nzima, mwajiri analipia sehemu kubwa. Nikamwambia airudishe, aandike hatuhitaji. Mimi baba wa nyumba niandikwe chini ya mke? Nikanunua bima yangu, bei mbaya, nikatuweka wote.

Tax nilijaza mwenyewe. Nilishasikia kijiweni kwamba aliyejiajiri anaruhusiwa kutoa hela ya bima kwenye kipato chake kabla ya kukatwa kodi. Nikatoa yote, miezi kumi na miwili.

Kisha ikaja barua ya watu wa kodi. Wanataka vielelezo vya hiyo bima, na maelezo kama mimi au mke wangu tulikuwa na nafasi ya bima kazini.

Wakuu, niliogopa, sifichi. Nilikuwa nimeshaomba uraia, nasubiri kuitwa interview, na kule maswali ya kodi yapo. Nikajiona nimeshapandishwa ndege na vacuum yangu.

Barua nikaificha chini ya kapeti la gari. Gari nisiyoijua ikipaki nje, nazima taa. Simu ikiita namba ngeni, sipokei. Mke akiniuliza kama naumwa, nasema mafua.

Mafua ya wiki tatu!

Mwisho akaikuta, alipokuwa anasafisha gari. Hakugomba. Alinipeleka Adelphi kwa dada mmoja Mkenya tunayesali naye, mhasibu. Akaisoma, akavua miwani.

"Bibi yako alikuwa na offer ya insurance kazini mwaka wote?"

"Ndiyo, ila hatukuichukua."

"Haijalishi. Bora tu ulikuwa eligible kuingia kwa hiyo yake, hiyo deduction ya bima huwezi ku-claim. Lakini mbona mlikataa? Si ilikuwa cheap?"

Mke wangu akageuka kuniangalia. Naye alikuwa anasubiri jibu, tena tangu siku aliyorudisha ile fomu.

"Nilitaka iwe kwa jina langu," nikasema.

Dada akatuandikia majibu ya kukiri kosa. Nimelipa kodi na riba.

Funzo: kama umejiajiri, kabla hujatoa hela ya bima kwenye tax, uliza kama mwenzio amepewa nafasi ya bima kazini. Hata mkiikataa, ile miezi yote nafasi ilipokuwepo huruhusiwi kutoa. Na barua usiifiche, haiozi.

Siku hizi kadi yangu ya bima ina jina la mke wangu juu, langu chini yake. Natembea nayo.

Interview bado sijaitwa. Namba ngeni sasa napokea.

Kama kuna aliyewahi kuingia interview akiwa na kosa la kodi alilokwisha kulipa, aniambie walimuuliza nini. Niambieni ukweli, hata kama unatisha. Mke wangu naye anasoma hapa pembeni.