Shiraa Juu ya Motokaa

Mume wangu alikuwa fundi wa cherehani, na kwa akili yake kila mashine duniani ni cherehani, tofauti ni ukubwa wa tumbo tu. Saa ya ukutani kwake ilikuwa cherehani mvivu. Pampu ya kisima ilikuwa cherehani inayokunywa maji. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka shamba la mpira huko kusini ya Malindi, punda wawili mbele yake wakikokota motokaa, sikushangaa sana. Nilichoshangaa ni kuku. Walikuwa wamekaa ndani yake wakiatamia, wametulia kama wageni waliokwisha kuandaliwa chakula.

Motokaa ile ilikuwa mali ya Mzungu aliyekuja pwani kupanda mpira. Haikuwa ya kupakia mizigo wala ya kutembelea. Iliundwa kwa mashindano: haina paa, haina milango, pua ndefu, viti viwili vimerudi nyuma kabisa, na nyuma ya viti kuna tangi la petroli. Maji ya bahari yakitoka, Mzungu yule aliishusha ufukweni akaikimbiza kwenda na kurudi, peke yake, na watu wa mji walikuwa wakienda kutazama atamshinda nani. Kisha bei ya mpira ikaanguka, yeye akapanda meli akaenda zake, na motokaa ikasukumwa ndani ya ghala la mbata. Ikakaa humo miaka na miaka pamoja na panya, popo na hao kuku. Msimamizi aliyebaki shambani alikuwa na cherehani ya mkewe iliyokwama. Mume wangu akaitengeneza, akalipwa motokaa, na kila mmoja akaenda nyumbani akidhani amempunja mwenzake.

Tulibomoa kipande cha ukuta wa ua ili ipite. Mama mkwe alikuwa kitandani mwake ukumbini, miguu imemvimba, sauti haijavimba hata kidogo.

"Jeneza la nani hilo mnaloniletea?"

"Mama," mume wangu akasema, jasho likimtiririka, "hii ndiyo itakayokupeleka Sabaki."

Mama mkwe akajiinua kwa kiwiko aitazame vizuri.

Alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Siku ya matanga ya mama yao waligombania sinia la shaba, na mama mkwe akamwambia dada yake mbele za watu asikanyage tena kwake. Dada mtu akatii. Ukaidi wa ukoo ule ungetosha kujengea nyumba. Miaka ikapita, hasira zikaisha, lakini na miguu nayo ikaisha. Mama mkwe hakuweza kutembea zaidi ya kufika chooni. Punda alikwisha kumwangusha mara moja. Chomboni alikuwa akitapika mpaka anatoa shahada. Salamu zilikwenda na kurudi kwa wauza maziwa, lakini radhi haitumwi kwa muuza maziwa. Kwetu radhi huombwa uso kwa uso, mkono ndani ya mkono, kwa kinywa chako mwenyewe. Alitaka dada yake amwie radhi kabla mmoja wao hajafa. Hilo tu. Kila alfajiri baada ya sala nilimsikia akiliomba.

Basi tukaanza kazi, na mimi nasema wazi kwamba sijapata kufurahi kama miezi ile. Asubuhi nikimaliza kupika ninajifunga kanga kiunoni ninakwenda uani kuchokonoa chuma. Mume wangu aliifungua mashine yote, akaipanga juu ya mikeka, na kila kipande akakipa jina la cherehani. Kulikuwa na bobini. Kulikuwa na mguu wa kukanyagia. Kulikuwa na kitu kimoja kama birika dogo la shaba ambacho hakikufanana na cho chote cha cherehani, akakitazama siku nzima kwa chuki, mwishowe akakiosha kwa ndimu akakirudisha alipokitoa.

Viti vilikuwa vimeliwa ngozi mpaka kwenye chemchemi. Nikavisuka upya kwa ukindu, nikatia mistari ya rangi ya zambarau na kijani kama msala wa bibi harusi. Sanduku la maji la mbele lilivuja kila upande. Tukaliziba kama mafundi wa vyombo wanavyokalafati, kwa pamba iliyorowekwa sifa, yale mafuta ya papa, na ua mzima ukanuka hata paka wa mtaa wakahamia kwetu. Mipira ya magurudumu ilikuwa imeoza. Hebu fikiri, motokaa ya shamba la mpira kukosa mpira! Tukaishindilia usumba wa nazi mpaka ikawa migumu kama mito ya mashekhe, tukaishona kwa uzi wa tanga. Kuku nao walirudi kila jioni kudai mahali pao, na tulifukuzana nao mpaka magharibi.

Petroli ilitoka kwa jirani yetu, Bwana Duka, Mhindi aliyekuwa akiuza kila kitu kuanzia misumari mpaka halua. Aliagiza madebe kutoka Mombasa, akayaleta yeye mwenyewe, akakaa juu ya moja kutazama. Alisema motokaa hii haitakwenda hata siku moja. Alisema hivyo kila siku, na kila siku alikuja.

Mafuta ya kulainishia mashine mume wangu hakuuliza mtu. Cherehani zote za Malindi alizipaka mafuta ya nazi, na kama yanaifaa cherehani ndogo yataifaa kubwa. Wakati huo ulikuwa kaskazi, jua linakaanga mapaa, na mafuta yalitiririka ndani ya tumbo la chuma yakinukia vizuri. Akashika mkono wa mbele, ule wa chuma wa kuwashia, akauzungusha. Akazungusha tena. Motokaa ikapiga chafya, ikakohoa, ikatema moshi mweusi pamoja na manyoya ya kuku, kisha ikanguruma! Nguo zangu kwenye kamba zilitapakaa masizi zote, na mimi nikarukaruka, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Bwana Duka aliangua kilio, mtu mzima yule, akamkumbatia mume wangu, halafu akasema haitafika mbali.

"Lizimeni hilo zimwi!" mama mkwe akapiga kelele kutoka ukumbini. Kisha, tulipoizima, tukamsikia akiuliza kwa sauti ndogo, "Mmeizima kweli?"

Kumbe kazi kubwa ilikuwa bado. Mama mkwe alizaliwa Lamu, katika nyumba za waungwana. Ujana wake mwanamke wa heshima hakutoka ila ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kwa miti pande zote, watu wanaibeba naye anatembea katikati kama yumo chumbani mwake. Motokaa haina paa wala mlango.

"Nipite ufukweni niko wazi kama samaki mnadani? Sipandi, mwanangu. Radhi naitaka, lakini haya zangu nazitaka pia."

Mume wangu akakuna kichwa usiku kucha. Asubuhi akaja na fito, akazifunga pembe nne za motokaa kwa kamba, na mimi nikashona shiraa ya bafta nyeupe yenye pindo jekundu, nikaacha dirisha dogo mbele ya dereva. Mashine ya mashindano ikawa kitanda cha bi harusi. Bwana Duka alipoiona alikaa chini akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Halafu zikaja mvua za masika, mto ukajaa, ikabidi tungoje. Kipupwe kilipoingia, muuza maziwa akaleta habari kwamba dada mtu anaumwa, haamki kitandani. Mama mkwe hakulia. Alisema tu, "Kesho." Tukatuma watu mbele kwa miguu wawaambie wajukuu wa Mambrui wamlete bibi yao mpaka ukingo wa mto. Maji yangetoka asubuhi, ufukwe ungekuwa mpana na mgumu mpaka Sabaki.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kuvaa shuka mbili. Mama mkwe tulikwisha kumvika, kumfukiza udi na kumkalisha kitini. Mume wangu akashika mkono wa mbele. Haukwenda. Akauning'inia na mwili mzima. Mkono ukamwinua yeye! Bwana Duka akaja kusaidia, wakaning'inia wawili, motokaa ikakaa kama kaburi. Mume wangu akarudi nyuma hatua chache, uso umemwisha damu, akasema cherehani imekufa. Ndani ya shiraa nikasikia mama mkwe akisoma Kuli huwallahu kwa haraka haraka, na moyo wangu ukauma, kwa sababu maji hayangoji mtu na dada yake alikuwa njiani amebebwa.

Kisha kisomo kikakatika.

"We mwanamke," akaniita, "leo hukunipaka mafuta ya nywele."

"Yameganda, mama. Nimeyaweka karibu na jiko yaye..."

Sikumaliza. Tulitazamana sote watatu nje ya shiraa, midomo wazi. Hakuna mtu wa pwani hii asiyejua kwamba kipupwe mafuta ya nazi huganda chupani yakawa meupe kama samli. Asubuhi ile ile kila nyumba ya Malindi ilikuwa na chupa yake karibu na moto. Na tumbo zima la motokaa tulilijaza hayo hayo!

Mume wangu akakaa chini akacheka, nikamwinua kwa sikio. Nikamwagia chuma maji ya moto ya chai, sufuria kwa sufuria. Majirani wakaleta yao. Mama mkwe akaona mambo yanakawia, akatoa mkono nje ya pazia na chetezo chake chenye makaa, "Kiwekeni chini yake," na Bwana Duka akakinyakua akatimua mbio nacho barabarani akipiga kelele, "Petroli! Petroli! Bi mkubwa atatuchoma mtaa!" Mkono ulipozungushwa tena, mashine ikaguna, ikajinyoosha, ikaitika. Ua wote ulinukia kama nywele za wanawake siku ya Idi.

Nilipanda juu ya tangi la petroli, nikashika fito mbili za nyuma, tukatoka.

Ee, ufukwe ule! Mchanga ulikuwa umelowa na kushikana, kaa wakikimbia kila upande, na mume wangu, aliyeapa kwenda polepole, akasahau kiapo. Mchanga wa Malindi ulikuwa unarudi nyuma yangu mbio, nacheka bila sababu. Upepo wa kusi ukaingia ndani ya shiraa. Bafta ikavimba. Nikasikia kamba ya kwanza ikikatika, na ya pili, halafu nguo yote ikamfunika mume wangu kichwa, naye badala ya kusimama akakanyaga. Tukazunguka. Tukazunguka tena, maji yakiruka, mimi nikipiga mayowe, yeye akipiga mayowe ndani ya bafta, mpaka upepo ukaichukua shiraa na fito zake ukaipeleka juu ya bahari, ndege wakiifuata.

Motokaa ikasimama ikitetemeka. Mama mkwe alikuwa wazi. Wavuvi wa nyavu walisimama kutazama. Nilidhani atakufa kwa aibu, au atatuua. Alikaza kanga yake kichwani, akaitazama bahari ambayo hakuiona tangu miguu imwache, akaitazama muda mrefu.

"Endesha," akasema. "Aliyeona keshaona. Na usiende kama wazee."

Sabaki ilikuwa nyekundu, imepungua. Ng'ambo tuliona kitanda kimewekwa mchangani, na juu yake kitu kidogo kimefunikwa shuka. Mama mkwe alianza kunong'ona. Alikuwa akiyapanga maneno yake, yale aliyoyaandaa miaka yote: sinia, matanga, ulimi wake, ujinga wake. Wajukuu wakafunga mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu, wakaweka kitanda juu yake, wakavuka. Nilishika roho mkononi mpaka walipogusa mchanga wetu.

Wakamleta karibu. Alikuwa mdogo, mkavu, macho makali. Mama mkwe akaunyoosha mkono wake. "Dada, shikamoo. Dada, mimi nimekuja..."

"Marahaba. Nimekuwia radhi duniani na akhera," dada mtu akamkatiza, macho yake yako kwenye motokaa. "Hiki ndicho kilichokuwa kikinguruma? Nipandisheni."

"Lakini sijasema!" mama mkwe akalia. "Sijasema hata neno!"

"Utasema njiani. Kule sirudi, nimechoka kuwatumia wauza maziwa. Sogea."

Tukawapakia wote wawili katika kiti kimoja cha ukindu, wamebanana, na mume wangu akawasha. Ile mashine, mtu hawezi kusikia hata mawazo yake inapokwenda. Mimi nilikuwa juu ya tangi, nikiegemea mbele kuwashika mabega wasidondoke, kwa hiyo niliona. Mama mkwe alianza mwanzo kabisa. Midomo yake haikupumzika kutoka Sabaki mpaka Malindi, machozi yanakwenda nyuma na upepo, anasema yote, haachi kitu. Dada yake hakusikia neno lo lote. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, mara kwa mara, na mkono wa mdogo wake alioushika hakuuachia.