Aproni ya Baba

Juzi, nje ya karakana moja, nilisikia brashi ikikwaruza aproni ya ngozi kabla sijamwona mchomeleaji, na wivu wa zamani ukanirudia.

Nilikuwa mtoto, na kiwanda cha mji wetu, Likasi, kilikuwa kimenyamaza, kazi hakuna. Mchana ule Baba aliisugua aproni yake ya kuchomelea taratibu, mshono kwa mshono. Ilinuka moshi na jasho lake. Nywele zangu hakuwahi kuzigusa hivyo.

"Ile ni bibi yake ya pili," Mama alitania. Nikaamini.

Sasa najua alikuwa anakwenda Kambove kutafuta kazi, na aproni iliyotunzwa ndiyo ingemsemea kwa waajiri.

"Papa, na miye?" nilimuuliza.

"Weye bakia na mama."

Hakuikunja, ngozi isije ikapasuka. Aliiviringisha, akaipakata kama mtoto mchanga, akatoka, akafunga mlango.